Kwanza Kinyaa, Halafu Shukrani

Shamba la Mkonge, Ruiru
6 Februari 1955

Kwa Mama Mkubwa Mwanarusi,

Salaam aleikum. Nakujulia hali wewe na nyumba yako, na wote wa Majengo wanaoniuliza. Mimi mwanao Rama nala, nalala, nafanya kazi. Mvua huku hakuna, na vumbi la njia ya lori limeingia mpaka kwenye unga. Sele dereva alinifikishia sabuni na mandazi. Mandazi yalikuwa manane, naye ameapa kwamba yalikuwa manane tangu Thika. Wewe ndiye unayejua.

Tangu mama atutoke, huku laini, kwenye vyumba vya vibarua, pamekuwa kimya kwangu hata watu wakipiga kelele. Basi nimeirudia ile desturi yake. Unaikumbuka: mkono hauingii kwenye sahani mpaka kila mtu ataje jambo moja jema alilolipata siku hiyo, na la jana halikubaliwi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikisema nashukuru kwa ugali, naye ananiambia ugali ulikuwako jana, tafuta lingine, na huku chakula kinapoa. Nilikuwa nikilia kwa njaa na hasira. Sasa najitajia mwenyewe kila jioni, na nakwambia kweli, moyo unapata pa kukaa. Mwenzangu wa chumba, Nzomo, mtu wa Machakos, alinicheka wiki mbili. Juzi naye akasema, "Haya, mimi nashukuru nyapara ameumwa na jino." Tukacheka, tukala.

Kazi ni ileile ya kukata majani. Wiki iliyopita mwiba wa mkonge ulinichoma juu ya kifundo cha mguu. Si kitu, nimepaka majivu.

Leo nimeshukuru kwa kivuli cha tangi la maji, ambacho saa sita kinatosha watu wawili na leo tulikuwa wawili.

Ni mimi mwanao,
Rama


Majengo, Thika
22 Februari 1955

Mwanangu Rama,

Waaleikum salaam. Niko. Siwezi kusema ni mzima, kwa sababu upepo umegeuka tangu juma lililopita na kiwanda cha ngozi kinatuletea kila kilichooza ndani yake. Naamka na uvundo, nakanda unga na uvundo, nikijipaka mafuta yananuka ng'ombe. Saa nne wale wanaume wanatoka kununua mandazi, mikono ina chokaa na manyoya. Jana mmoja alishika andazi, akalirudisha, akashika lingine. Nilimwuzia yote mawili, na la tatu ambalo alilipumulia tu.

Jirani yangu Bibi Waceke amenunua bata. Bata huyo anakunywa kwenye mfereji wa bafu, nimemwona kwa macho yangu, na Ijumaa Waceke akaniletea yai lake, zawadi. Nilisema asante, nikaenda kulizika nyuma ya choo.

Mambo ya pasi za ruhusa ya kusafiri ni yaleyale. Ukitaka hata kuvuka mto, unapanga foleni. Karani akaniuliza kabila. Nikamwambia mimi ni Mwislamu wa Majengo. Akasema hilo si kabila. Nikamwambia baba alikuwa mpagazi kutoka Tabora na mama alikuwa Mkikuyu wa Gatuanyaga, achague mwenyewe. Akaniambia nirudi kesho.

Mandazi yalikuwa kumi na mawili. Mwambie Sele namwona.

Sasa hiyo desturi ya mama yako. Sikuipenda akiwa hai na siipendi leo. Marehemu ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, kwa hiyo nitamsema nitakavyo. Kila jioni shukrani, shukrani, na huku mchuzi unaganda mafuta juu. Niandikie habari, Rama, usiniandikie shukrani. Na majivu hayapakwi kwenye kidonda, nani alikufundisha uchafu huo? Osha kwa maji ya chumvi.

Mama Mkubwa


Shamba la Mkonge, Ruiru
27 Machi 1955

Kwa Mama Mkubwa,

Salaam nyingi baada ya siku nyingi. Nisamehe kwa kuchelewa. Natumaini upepo umegeuka na bata wa Bibi Waceke amepata maji mengine. Huku wote hawajambo. Mvua imenyesha mara moja, matone tu, lakini ardhi ilinukia vizuri mpaka asubuhi.

Ulisema nisiandike shukrani. Nilijaribu, lakini nikizitoa barua inabaki nusu ukurasa. Kwa hiyo vumilia.

Nimehamishwa kutoka kwenye kukata majani. Sasa nakaa kibandani na wazee, tunasokota kamba, nakaa kutwa nzima juu ya gunia na jua halinifikii. Wazee wana hadithi. Chumba nacho kimekuwa changu peke yangu, maana Nzomo amehamia kwa watu wa kwao. Hatukugombana hata kidogo. Nalala nimenyoosha miguu, jambo ambalo sikulipata tangu nije shambani. Na nimepata rafiki, mbwa wa mlinzi, ambaye kila jioni anakuja mlangoni na hataki kuondoka miguuni kwangu. Najua utasema nini, lakini yuko peke yake kama mimi.

Jana nilishukuru kwa muhindi wa kuchoma. Leo nimeshukuru kwa gunia.

Mwanao,
Rama


Majengo, Thika
11 Aprili 1955

Mwanangu Rama,

Nimepata barua yako. Majengo hawajambo isipokuwa Waceke. Bata wake ameliwa na mtu, naye anapita nyumba hadi nyumba akinusa masufuria. Alinusa na langu. Nilimpa mwiko achovye aonje.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nimesimama. Kijana wa miaka ishirini na miwili anatolewa kwenye kukata majani na kuwekwa na wazee kusokota kamba. Nyapara gani wa mkonge anamhurumia mtu bure? Unakaa kwa sababu huwezi kusimama. Nzomo, uliyekula naye sahani moja, amehama bila ugomvi. Mtu hahami hivihivi, ila kama kuna kitu chumbani kimemshinda. Na mbwa! Mtoto wa mdogo wangu Amida analala na mbwa miguuni, ananiandikia kana kwamba ni sifa! Mbwa huyo hakukupenda, Rama. Anafuata harufu. Ni ule mguu wa Februari, na wewe hukuutaja hata kwa neno moja.

Unataka kujua nimejuaje? Barua za namna hii nimekwisha kuzisoma. Mama yako aliponiandikia kutoka kwa baba yako, alishukuru kwamba nguo zake za usichana zinamwenea tena. Nikafurahi, nikamjibu kwa utani. Kumbe anakonda. Akashukuru kwamba siku hizi anapata usingizi wa mchana. Kumbe haamki. Akashukuru kwamba amejizoeza kulala ubavu wa kulia kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Uvimbe ulikuwa kwenye ziwa la kushoto. Alipofika hapa kwangu alikuwa na kidonda cha ukubwa wa kisahani, na jioni hiyohiyo akakaa mkekani akataja jambo lake jema la siku. Nilitaka kuichukua ile sahani niivunje. Shukrani zake zinanichefua mpaka leo, kwa sababu alizifanya shuka, akajifunika nazo mpaka akafa, na hakuniambia.

Ukitaka kushukuru, shukuru, mdomo ni wako. Lakini kwangu kuna sharti. Kwanza kinyaa, halafu shukrani. Utaje kwanza kilichokuchefua siku hiyo, kwa jina lake, na rangi yake, na harufu yake. Ukimaliza, ndipo unieleze habari za gunia. Na uende kwa dresa wa shamba, yule mtibu vidonda, kesho.

Mama Mkubwa


Shamba la Mkonge, Ruiru
8 Mei 1955

Kwa Mama Mkubwa,

Salaam na Ramadhani njema. Nafunga, na ninakumbuka uji wako wa pilipili manga. Huku Waislamu tuko wanne, tunafuturu pamoja Ijumaa, siku nyingine kila mtu kwake.

Mguu ni mzima, usijitie wasiwasi. Kinyaa sina. Nikianza kuvitaja vya kuchefua sitamaliza leo, na mama alisema ulimi unazoea unacholishwa.

Nashukuru nzi hawaji baada ya giza kuingia. Nashukuru pia Syokau, mke wa mlinzi, kwa kuniwekea maji mlangoni ili nisiende mtoni.

Idi sitaweza kuja. Pasi ni ngumu.

Rama


Majengo, Thika
27 Mei 1955

Mwanangu Rama,

Idi imepita. Waceke alikuja na watoto wa dada yake, wakala, wakalamba vidole, wakapangusa vidole kwenye kiti changu. Nilikuwekea sahani yako mpaka jioni. Pilau ikaota ngozi juu kwa mafuta kuganda, nikawapa kuku wa watu.

Nilimtuma Sele akuone. Najua alikuona. Alirudi akasema hujambo, hakunitazama usoni. Akaomba maji, akanawa mikono kwa sabuni, akakaa kidogo, akaomba maji tena, akanawa tena. Nilimwuliza umemwahidi nini mtoto wangu? Akasema, "Mama, mimi ni dereva tu."

Basi nitaanza mimi, labda unaona haya. Kinyaa changu cha leo: asubuhi nimepita nyuma ya kiwanda cha ngozi, nikaona mabaki ya nyama yaliyokwanguliwa yamerundikwa na mvua imeyanyeshea, yanachezacheza kwa funza, na mtu mzima ameketi pale pembeni anakula andazi. Andazi langu. Nimelitaja, na sijafa.

Nachukia barua zako. Nakwambia wazi. Nikiona bahasha naiweka chini kwanza, kwa sababu kila jambo jema unaloniandikia, nageuza upande wa pili nakuta baya. "Nzi hawaji baada ya giza." Kwa hiyo mchana wanakuja. Wanakuja kwenye nini, Rama? "Syokau kaniwekea maji mlangoni." Kwa hiyo hufiki mtoni, na mto uko hatua mia moja.

Kuhusu mama yako, mimi nilikuwa naye hapa, nilifanya nililoweza. Kama angesema mapema ningefanya zaidi. Na wewe sema mapema.

Mama Mkubwa


Shamba la Mkonge, Ruiru
17 Julai 1955

Kwa Mama Mkubwa,

Salaam aleikum. Barua yako ya Mei ilikaa mezani kwa karani wa shamba wiki sita, imefunguliwa na kubandikwa tena. Hii nampa Sele mkononi. Hata ingefika siku ileile sijui kama ningejibu. Wazima wa huku ni wazima. Mbwa amekufa, aligongwa na lori.

Unataka kinyaa. Haya.

Donda lilianza palepale mwiba ulipoingia. Sasa limezunguka nusu ya mguu, kutoka kifundoni kwenda juu kiasi cha kiganja changu. Kingo zimeinuka, katikati ni kijivu, na ndani kabisa kuna kitu cheupe ambacho nadhani ni mfupa. Linatoa maji ya rangi ya supu iliyolala. Asubuhi kitambaa kinang'oka na nyama. Linanuka, Mama Mkubwa. Linanuka hivi kwamba mimi mwenyewe nikila najiziba kwa mkono wa kushoto. Nzomo alivumilia mwezi mzima, kisha akaanza kulala nje, kisha akaomba radhi na kuondoka. Wale wazee wa kamba wamenisogeza upande ambao upepo unatokea kwao. Mwezi uliopita nilikuta funza. Nikawatoa kwa kijiti mmoja mmoja, nikanawa, nikapika, na kabla ya kula nikashukuru kwamba walikuwa wachache. Nililisema kwa sauti. Halafu nikajisikia nikilisema, na ugali nikausukuma kando.

Kwa dresa siendi kwa sababu asiyeweza kazi anaandikwa jina. Akiandikwa anatolewa chumbani, na akitoka hana kazi wala pasi, askari wanamwokota barabarani. Watu wawili wameondoka hivyo tangu Machi na hatujui walipo. Nyapara ananificha kwa sababu kamba zangu ni nzuri. Juzi nilipata homa, nikatetemeka mpaka kitanda kikasogea.

Sasa nimekupa sharti lako, na mimi nina langu, kwa kuwa umeandika ulifanya uliloweza.

Umesema mama alijifunika kwa shukrani na hakukwambia. Alikwambia. Siku ya pili alipofika kwako alifungua kanga akakuonyesha. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la maji ya moto, hukuniona. Uliinua ukingo wa kanga yako ukaziba pua. Ukarudi nyuma hatua mbili. Mama alikutazama, kisha akajifunga kanga taratibu, akakwambia, "Nashukuru dada, maji yamechemka mapema leo." Tangu siku hiyo alifukiza udi asubuhi na jioni, akasema harufu yake inampendeza. Hakukuonyesha tena. Hata mimi hakunionyesha tena.

Kwa hiyo nilipopata langu, nilijua la kufanya. Nakupenda, Mama Mkubwa, na sikutaka kuiona ile kanga ikiinuka tena.

Sikulaumu kwa kuchefuka. Mimi mwenyewe nachefuka. Lakini usiseme hakukwambia.

Naogopa kufa humu chumbani. Kama unaweza, njoo. Kama huwezi, usije ukasimama mlangoni.

Rama


Majengo, Thika
21 Julai 1955

Mwanangu Rama,

Sina salaam za majirani leo, sijamwona mtu.

Ni kweli. Niliziba pua. Nilirudi nyuma. Hatua sikuzihesabu, lakini wewe ulikuwa nyuma yangu na unasema ni mbili, basi ni mbili. Kisha nilitoka nje nikasimama karibu na bomba mpaka moyo ukatulia, na niliporudi alikuwa amekwisha jifunika na anacheka na wewe. Nikaona nafuu. Hilo ndilo baya kuliko yote, Rama, niliona nafuu kwamba amejifunika. Siku zilizofuata nilimpikia, nilimfulia, nilimsomea, nilifanya kila kitu kilichokuwa upande huu wa ile kanga. Nikajiambia kwamba asiyesema haumwi sana.

Mwaka mzima nimekuwa nikiichukia desturi yake kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujichukia. Hakujificha kwa sababu ya shukrani. Alinificha kidonda ili mimi nisichefuke. Nimelisema jambo hili kwanza jikoni, peke yangu, kisha nimeliandika. Limenichefua kuliko kiwanda chochote cha ngozi.

Nakuja Jumatatu na lori la Sele. Nimepata pasi. Karani aliniuliza sababu ya safari, nikamwambia naenda kuosha donda lenye funza. Akagonga muhuri mara moja, hakuuliza kabila.

Nisikilize vizuri. Usifukize udi. Usibadilishe kitambaa asubuhi hiyo, usijimwagie marashi, usifungue dirisha. Acha kila kitu kama kilivyo mpaka niingie. Nitatapika, nakuonya mapema, ndivyo nilivyo tangu utotoni na sitaumbwa upya Jumatatu. Ukinisikia natapika, usijifunge.

Na nyapara mwambie kamba zake atasokota mwenyewe.

Mwanarusi


Wodi ya Wanaume, Hospitali, Nairobi
2 Oktoba 1955

Kwa Mama Mkubwa,

Salaam aleikum, na salaam kwa Bibi Waceke. Ulisema umepewa kifaranga cha bata na hujui umweke wapi. Mweke mbali na mfereji. Sele alipita hapa Ijumaa, akaniletea mandazi kumi na moja, akasema la kumi na mbili alilila mbele ya macho yako.

Naanza na kinyaa. Kinyaa cha leo ni uji, ambao umepikwa kwenye sufuria lililopikiwa kabichi jana. Kingine ni mzee wa kitanda cha pili, ambaye anatema kwenye kikombe na kukiweka karibu na kikombe changu, na vikombe vinafanana. Kingine ni paja langu walikotoa ngozi ya kubandika kwenye donda. Linachuruzika na linawasha, na usiku nalikuna juu ya bendeji mpaka nesi ananigombeza.

Sasa habari yenyewe. Jana daktari aliifungua bendeji yote, wakakusanyika watano. Ngozi imeshika. Alisema mguu unabaki. Kifundo hakitakunja tena, nitatembea nikichechemea maisha yangu yote, na kwenye mkonge sirudi. Alisema ningechelewa siku kumi tu wangekata juu ya goti, kama homa ingeniacha nifike kwenye meza ya upasuaji. Nilimwuliza mara mbili kama mguu unabaki, mzee wa kikombe akasema, "Kijana, ameshasema, usimfanye abadilishe mawazo."

Kuna jambo sikulisema siku ile kwa sababu ya homa. Ulipoingia chumbani ulikuwa umefunga kanga zote mbili kiunoni, kichwani umebaki na kitambaa tu. Nilielewa kwa nini. Ulikaa chini, ukauweka mguu wangu juu ya mapaja yako, ukafungua kitambaa. Ukaniambia samahani, ukatoka, nikakusikia kule nyuma ya nyumba. Syokau naye alisikia. Nilitaka kujifunga, mkono ukaenda kabisa. Ukarudi, mdomo una maji, ukaosha. Ukatoka tena. Ukarudi tena. Ukaosha mpaka maji yakawa safi, na wakati wote ulikuwa unatukana: ulimtukana nyapara, ukautukana mkonge, ukamtukana na yule mbwa aliyekufa. Sijawahi kusikia mtu akitukana hivyo huku mkono wake ni mwepesi hivyo. Nililia, ukadhani umeniumiza.

Jioni nilipokuwa nyuma ya lori tukija hospitali, kabla hujanipa andazi, nilishukuru moyoni kwa sababu ulitapika na ukarudi. Sikuwahi kushukuru kwa jambo nililoliona lote, mbele na nyuma, bila kugeuza upande mmoja usionekane. Nilifurahi, Mama Mkubwa. Nanuka vile, natetemeka, ndani ya lori la mkonge, nilifurahi kabisa.

Hapa wodini tunafanya kila jioni watu sita, kwa sharti lako. Vinyaa huchukua muda mrefu sana. Tunacheka mpaka nesi anakuja. Shukrani hubaki fupi, na mtu akisema yake hata mzee wa kikombe anaacha kutema.

Wewe hujawahi kutaja yako, hata mara moja, tangu nikujue.

Mwanao,
Rama


Majengo, Thika
9 Oktoba 1955

Mwanangu Rama,

Wote hawajambo. Barua yako nimeisoma nimeketi.

Kinyaa changu cha leo ni mimi mwenyewe, mbele ya Amida siku ile. Kitakuwa hicho siku nyingi, na usiniambie la jana halikubaliwi.

Shukrani nimeitafuta tangu asubuhi na mandazi mawili yameungua. Ni hii. Nashukuru kwamba uliniona nimeziba pua, na bado ukaniita.

Mama Mkubwa wako,
Mwanarusi